Vipimo vya yai vyanichanganya, na mume yuko safarini: nakosea wapi?

BintiLikoni
Asalaam aleykum mashoga zangu, na ndugu wa kiume mlio humu mniwie radhi. Nina miaka 29, miezi minane sasa twatafuta mtoto. Mavyaa hasemi kitu, ila nikivuka feri kwenda kumwona hunitazama tumbo kabla ya uso.

Bwanangu ni dereva wa lori, hupeleka mizigo Kampala. Akitoka, ni siku kumi ndipo nimwone. Basi nikanunua vipimo vya yai, vile vijiti vya kuchovya kwenye mkojo, nijue siku hasa ya kumwita. Hedhi yangu huja kila baada ya siku 31, mara nyingine 34. Naanza kupima siku ya 10 tangu hedhi ianze, alfajiri nikiamka, mpaka vijiti vitano viishe. Mwezi uliopita, siku ya 12, nikaona mistari miwili, wa pili hafifu. Nikapiga simu, akaomba ruhusa kwa tajiri, akaja. Wapi! Siku zangu zikaingia kama kawaida. Mwezi huu hafifu vilevile, sikumwita. Vipimo vibovu au ni mimi?

MamaPacha_Kisauni
Waaleykum salaam mwanangu. Kipimo hakina kosa, umekisoma kama cha mimba. Cha mimba, mstari wa pili hata uwe wa kuchungulia, wahesabika. Hiki sivyo. Kijiti hupima homoni ya LH, ile ipandayo sana yai likikaribia kutoka, nayo huwamo mwilini kidogo kidogo siku zote, ndiyo maana mstari hafifu haukosi. Ngoja ukoze sawa na ule wa kulinganishia, au uuzidi. Hapo yai hutoka baada ya saa 24 hadi 36 hivi.

Na siku ya 10 ni mapema mno kwako. Yai hutoka kama wiki mbili kabla ya hedhi ijayo. Chukua mzunguko wako mfupi, 31, toa 17, yaani hizo wiki mbili na siku tatu za kutangulia: anza siku ya 14. Wewe siku hiyo ndiyo waishiwa na vijiti! Nunua kama kumi.

BintiLikoni
Ya Rabi! Kumbe lori la watu nimelisumbua bure.

KauntaYaDawa
Nauza hivi vitu kila siku. Isipokuwa karatasi yake ielekeze vingine, pima mchana au jioni, saa ileile kila siku, wala si mkojo wa kwanza wa asubuhi. Saa mbili kabla ya kupima punguza maji. Najua joto letu hili, mtu hubugia chupa baada ya chupa, mkojo ukawa mwepesi na mstari usikoze. Kisha soma ndani ya dakika zilizoandikwa. Kuna wanaokiokota kwenye taka jioni wakakitazama upya, hicho hakisemi kitu.

DerevaWaMalaba
Shemeji, mimi ni wa barabara hiyohiyo. Msingoje mstari ndipo aitwe. Yai likishatoka halimalizi hata siku mbili, huishi saa 12 hadi 24 tu, na foleni ya mpakani mwaijua. Mbegu za mume ndizo zenye subira, zaweza kukaa hadi siku tano zikingoja. Awe nyumbani siku ya 14 hadi 20, mkutane kila baada ya siku moja, kijiti kiwe cha kuwahakikishia tu.

Na yeye apimwe. Sisi miaka miwili alihangaishwa mke wangu peke yake, kumbe mbegu zangu ndizo zilizokuwa chache. Aibu ya maabara ni ya dakika tano.

MamaPacha_Kisauni
Umenena. Chini ya miaka 35, mwaka ukiisha bila kitu muoneni daktari nyote wawili. Aliyefika 35 asipitishe miezi sita. Na vidonge vya asidi ya foliki anza sasa, usingoje mimba.

BintiLikoni
Nimehesabu, siku ya 14 ni Jumanne, naye apakia Jumatatu. Nimemtumia ujumbe, ajibu: "Nitasema gari ina breki mbovu." 😂

DerevaWaMalaba
Aseme klachi. Breki, tajiri hutuma fundi siku hiyohiyo.