Niuze kiwanja nimpeleke mwanangu kwenye "utafiti" wa mtindio wa ubongo nje ya nchi? Naombeni ushauri

MamaWaWatatu_Moro

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 14. Alizaliwa miezi ikiwa imetimia, kilo tatu na ushee, akalia vizuri. Siku ya tatu macho yakageuka manjano. Kituoni nikaambiwa nimtoe juani asubuhi, yataisha yenyewe. Nikamtoa juani. Siku ya sita hanyonyi tena, analia sauti nyembamba, na mgongo anaupinda kwa nyuma kama upinde. Tulipofika hospitali kubwa wakasema manjano yameshapanda kichwani. Toka siku hiyo ni mtindio wa ubongo.

Akili yake nzima. Masikio ni mazito kidogo, lakini ukimkaribia anasikia, na mpira wa redioni anaufuata mpaka mwisho. Tatizo ni mwili. Akitaka kitu, mkono unaenda nyuma ya kichwa badala ya mbele. Kadiri anavyokitaka ndivyo mwili unavyojisokota. Nikimlisha uji, mtu akibisha hodi tu, shingo inageuka, uji wote kifuani. Lakini akilala usingizi analegea mikononi mwangu kama kanga iliyotoka kufuliwa. Hilo ndilo linaloniumiza, maana naona kabisa mwili unaweza kutulia.

Sasa kuna mambo mawili. Shemeji yangu aliyeko Ulaya anasema kulikuwa na utafiti Uholanzi wa watoto kama huyu, wanawekewa pampu ya dawa tumboni. Na kuna wakala amenipata kwa WhatsApp, anasema kuna "utafiti wa seli shina" (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine) nje ya nchi, nafasi zimebaki mbili, milioni 38, nusu ilipwe kabla ya mwisho wa mwezi. Nina kiwanja Kihonda. Mume wangu anasema tuuze. Nimekosa usingizi wiki nzima. Mwenye ujuzi anisaidie.

---

mkulima_wa_vitunguu

Pole sana dada. Sina ujuzi, ila kiwanja ukishakiuza hakirudi. Subiri wenye kujua waje.

---

MtoaMazoezi

Dada pole, na hongera kwa maelezo, maana umeeleza kuliko fomu nyingi za rufaa ninazoletewa. Nafanya mazoezi ya viungo na watoto wa mtindio mwaka wa kumi na moja huu.

Unachoeleza kinaitwa distonia. Watu wengi, hata baadhi yetu watumishi, tunaita kila kitu "kukakamaa". Kuna kukakamaa kwa kawaida: misuli inakaza unapoinyoosha haraka, na inabaki imekaza hata mtoto akitulia. Distonia ni misuli inayopewa amri zinazogongana. Inazidi mtoto akikusudia kitu, akifurahi, akishtuka au akiumwa, na usingizini inapungua sana au kuondoka. Mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Manjano makali yana tabia yake. Bilirubini ikivuka na kuingia kwenye ubongo inapiga viini vya ndani kabisa vinavyoratibu mwendo, mara nyingi inaacha maeneo ya kufikiri. Inapiga pia njia za kusikia, ndiyo maana masikio nayo yameguswa. Naomba uniambie: macho yake yanapanda juu, au mpaka ainue kichwa kizima? Hali ni ileile asubuhi na jioni? Ameshapewa dawa gani?

---

MamaWaWatatu_Moro

Umejuaje habari ya macho! Hayapandi juu, anainua kichwa chote. Miaka yote nilidhani ni mimi tu ninayeona hivyo.

Asubuhi na jioni ni sawa, labda azidi akichoka. Dawa: baklofeni ya vidonge, ya kulegeza misuli, akawa analala mchana kutwa, tukapunguza. Baadaye daktari akaandika benzeksoli. Nilipoenda kuichukua, dada mmoja foleni akaniambia hiyo ni dawa ya wagonjwa wa akili. Nikaogopa, nikaiweka kabatini. Sijampa mpaka leo.

---

MtoaMazoezi

Hicho cha macho ni alama inayojulikana ya watoto waliopigwa na manjano, hujakiwaza tu.

Benzeksoli ndiyo hiyohiyo traiheksifenidili. Ni kweli inatumika kwa wagonjwa wa akili, kupunguza kutetemeka na kukaza kunakoletwa na dawa zao. Kwa distonia nayo hutolewa. Ila usiianze mwenyewe kutoka kabatini. Inaanzwa kidogo sana na kupandishwa polepole, na inaweza kuleta kukosa choo, mkojo kuziba, mdomo kukauka na fujo. Rudi kwa daktari, mwambie ukweli kwamba hujampa. Hatakugombeza, na hata akikugombeza, atakuwa amepata taarifa sahihi.

---

Mswahili_Utrecht

Salaam kutoka Uholanzi. Mimi ni muuguzi huku, na huo utafiti naujua, kwa hiyo niseme kwa kirefu kidogo.

Uliitwa IDYS. Ulifanyika Uholanzi, matokeo yakachapishwa 2019. Washiriki walikuwa 36, umri miaka 4 hadi 24, wote wa mtindio wenye distonia kali, wasioweza kutembea. Wote waliwekewa pampu chini ya ngozi ya tumbo, na mrija mwembamba unaopeleka dawa moja kwa moja kwenye maji ya uti wa mgongo. Kisha wakagawanywa kwa bahati nasibu: nusu pampu ikatiwa baklofeni, nusu ikatiwa maji yasiyo na dawa. Kwa miezi mitatu mzazi hakujua mwanawe yuko upande gani, wala wapimaji hawakujua.

Kilichonigusa ni namna walivyopima. Kila familia iliulizwa kabla: unataka nini kibadilike? Wengine kuvalishwa nguo bila vita, wengine maumivu yapungue, wengine kukaa kwenye kiti. Mwishoni wakaangalia kila mtoto amefikia malengo yake kiasi gani. Wenye baklofeni walifikia zaidi, na tofauti ilikuwa wazi. Hakuna aliyeinuka akatembea, dada yangu, na hakuna aliyeahidi hivyo. Na wapo waliopata matatizo ya upasuaji na ya kifaa chenyewe.

Huo utafiti umefungwa. Lakini hata ungekuwa wazi, jiulize kuhusu pampu. Inajazwa dawa kwa sindano kila baada ya miezi kadhaa, maisha yote. Betri ikiisha baada ya miaka, ni upasuaji mwingine. Dawa ikikatika ghafla, mtoto anapata homa kali na mwili unakaza kupita mwanzo, anaweza kufa. Pampu bila mtu wa kuijaza karibu na nyumbani ni hatari kuliko distonia yenyewe. Sikukatishi tamaa, nakueleza ninachokiona wodini.

---

baba_Neema

Mimi niliuza. Siyo kiwanja, gari. Wakala wa seli shina pia, siyo lazima awe huyohuyo. Binti yangu alichomwa sindano mara nne, tukapewa cheti chenye picha yake. Wiki mbili za kwanza niliona mabadiliko kila siku, kwa sababu nilikuwa natafuta mabadiliko kila siku. Baada ya miezi mitatu mke wangu akaniuliza taratibu, "Umeona nini hasa?" Sikuwa na jibu. Simu ya wakala ikawa haipatikani.

Dada, usilipe.

---

KaribuMaabara

Naratibu tafiti za tiba hapa Dar. Nijibu hilo la "utafiti" wa wakala.

Utafiti wa kweli wa dawa haumuuzii mshiriki nafasi. Mara nyingi nauli unarudishiwa, na dawa inayojaribiwa hulipii. Tanzania utafiti wa tiba unapita kwa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kwa upande wa maadili, na kama ni dawa au kifaa, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nao wanautolea kibali. Utapewa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, uende nayo nyumbani, uisome na mumeo, urudi na maswali. Mtoto wa miaka 14 anayeelewa anaombwa kukubali naye, siyo mzazi peke yake. Na mna haki ya kujitoa siku yoyote bila kupoteza huduma ya kawaida. "Nafasi mbili, mwisho wa mwezi" hayo ni maneno ya sokoni.

Akikutumia namba ya usajili wa ClinicalTrials.gov, tovuti ya Marekani ya kuorodhesha tafiti za tiba, usiridhike nayo pekee. Kule ni orodha. Kuandikwa kule si kuidhinishwa, na zipo kliniki za kulipisha zilizojiorodhesha. Kwa Afrika kuna daftari la kusajili tafiti za tiba, PACTR, linaendeshwa kutoka Afrika Kusini.

Seli shina zenyewe zinachunguzwa kwa uaminifu mahali pengine. Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walijaribu damu ya kitovu cha mtoto mwenyewe kwa watoto 63 wa mtindio, wakachapisha 2017. Lengo kuu halikufikiwa. Waliopata seli nyingi zaidi walionyesha nafuu fulani ya mwendo, basi wakasema ichunguzwe zaidi. Hiyo ndiyo lugha ya watafiti. Wakala wako anasemaje?

Mkisikia watu wanasema "hakuna dawa iliyothibitishwa", sababu mojawapo ni tafiti kuwa ndogo mno. Hiyo benzeksoli, Australia waliijaribu kwa watoto 16, wakachapisha 2009, haikuonyesha faida kwa kundi zima. Marekani, 2007, watoto 23 walipewa bila kundi la kulinganisha, na mikono yao ilifanya vizuri zaidi walipofika wiki ya 15 lakini si wiki ya 9. Ndiyo maana daktari atakwambia tujaribu polepole na tupime. Upasuaji wa kuweka nyaya ubongoni nao umejaribiwa: Ufaransa, watu wazima 13, wastani wa nafuu kama asilimia 24, ila mmoja mmoja walitofautiana sana.

Na jirani zetu Uganda, maeneo ya Iganga na Mayuge, wamehesabu watoto wa mtindio kijiji kwa kijiji, wakapata karibu 3 kwa kila 1,000. Kisha wakajaribu mpango unaoitwa Akwenda: mafunzo kwa wazazi, vikundi, vifaa vinavyotengenezwa hukohuko. Huo pia ni utafiti wa tiba, ingawa hauna sindano.

---

Mama_Tausi

Samahani nachomekea. Wangu ni wa kike miaka 9, tuliambiwa mtindio, lakini picha ya ubongo ilitoka safi na alizaliwa bila shida. Asubuhi anatembea, jioni hawezi hata kusimama.

---

MtoaMazoezi

Mama Tausi, hilo usilale nalo. Kuna ugonjwa wa kurithi unaofanana na mtindio, unaozidi jioni na kupungua baada ya usingizi, na unaitikia dawa iitwayo levodopa kwa dozi ndogo kwa namna ya kushangaza. Mapacha wa Marekani, Alexis na Noah Beery, waliambiwa wana mtindio wakiwa wadogo, kumbe ni ugonjwa wa jamii hiyo. Nenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu wa watoto, Muhimbili au KCMC, mwambie neno kwa neno: asubuhi anatembea, jioni hasimami.

Kwa mtoto wa mwenye uzi, manjano yanaeleza kila kitu, siyo hali hii.

---

kidole_kimoja

naandika kwa kifundo cha kidole msinisahihishe. nina miaka 22 nina distonia kama ya huyo mdogo wangu. mama shikamoo. nimesoma uzi wote watu wanauliza mama anataka nini. yeye mwenyewe anataka nini. anajibu vipi

---

MamaWaWatatu_Moro

Marahaba mwanangu. Akifumba macho kwa nguvu ni ndiyo. Akigeuza kichwa kushoto ni hapana.

Kusema ukweli sijawahi kumuuliza hilo.

---

kidole_kimoja

muulize. usimuulize unataka kupona. mtajie vitu kimoja kimoja. maumivu. usingizi. kiti. kuongea. kwenda nje. na umpe muda mwili ukitaka kujibu unakataa kwanza. mimi nilipoulizwa nilisema kiti kisichonikata mapajani. walishangaa walidhani nitasema kutembea. na muulize kama ana choo kigumu. mimi nikikosa choo siku tatu nasokotwa usiku kucha

---

MtoaMazoezi

Sikiliza huyo kijana. Choo kigumu, jino bovu, kidonda cha kukaa, tindikali ya tumbo: vyote vinaongeza distonia. Tunatafuta hivyo kabla ya kupandisha dawa.

---

MamaWaWatatu_Moro

Wakuu, nimerudi. Ni siku nne zimepita.

Wakala nilimuuliza kibali cha maadili na daktari mkuu wa utafiti ni nani. Akasema namchelewesha, nafasi imechukuliwa na mtu mwingine. Nimemzuia. Kiwanja kipo. Mume wangu alisoma alichoandika baba Neema mara mbili, akatoka nje, aliporudi akasema basi.

Jana usiku wadogo zake walipolala nilikaa na mwanangu mkekani. Nikamtajia kimoja kimoja. Kutembea: hakufumba macho wala hakugeuka. Mkono: hapana. Nikasema shingo, shingo inauma? Mwili wote ukajikunja, nikadhani nimemshtua, nikangoja. Ulipotulia akafumba macho kwa nguvu mpaka machozi yakatoka pembeni. Nikauliza, toka lini, mwaka huu? Kichwa kushoto. Mwaka jana? Kushoto. Nikarudi nyuma mpaka alipokuwa darasa la kwanza la kitengo.

Cha pili alichotaka ni kukaa kwenye kiti dakika 90, mpira wote, na wanaume wa pale kibandani, siyo kusikilizia redio chumbani.

Kukosa choo ni kweli, siku nne tano. Mimi niliona ni kawaida yake.

Nauliza sasa: nimwambie nini daktari Jumanne?

---

MtoaMazoezi

Mwambie hayohayo mawili, kwa maneno hayohayo, halafu choo. Kwa shingo muulize habari ya dawa iitwayo gabapentini. London, hospitali ya watoto ya Evelina, waliangalia mafaili ya watoto 69 wenye distonia waliopewa, wakaona nafuu ya maumivu na usingizi. Si utafiti wa bahati nasibu, lakini kwa mtoto anayeumia ni swali la haki. Na atazame nyonga na shingo kwa picha, maumivu ya miaka mingi hayaachwi bila kutafutwa chanzo.

Piga video tatu za dakika moja: amelala, ametulia macho wazi, na anajaribu kushika kikombe. Kliniki atashtuka na mwili utaonyesha kitu kingine kabisa.

---

fundi_wa_viti

Nipo Msamvu, natengeneza viti vya mbao vya watoto hawa. Nipimie kwa futi ya cherehani: goti mpaka nyuma ya makalio, makalio mpaka kwapa, upana wa nyonga, goti mpaka kisigino. Pima akiwa usingizini, akiwa macho vipimo vitakudanganya. Na mweleze kidole_kimoja aniambie hicho kiti kilimkata mapajani upande gani, nisirudie kosa hilo.