Kwaya za mjini Tabora mnaofuta majina ya watunzi kwenye nota: huo ni wizi, acheni kutuambia "wimbo ni wa Mungu"

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na una povu, asiyependa apite. Sitaji jina la mtu wala la parokia, kwa hiyo mods msiwe na haraka ya kuufunga.

Mimi ni mtunzi wa nyimbo za kanisa, wa kujitolea. Mchana nauza vifaa vya umeme hapa Tabora mjini, usiku natunga. Muziki sijausomea chuo chochote. Solfa (nota za herufi, do re mi) nilifundishwa na katekista nikiwa mtoto, nota za mistari nikajifunza ukubwani kwa MuseScore, programu ya kuandikia nota, ya bure kabisa, kwenye laptop ambayo betri yake ilishakufa, umeme ukikatika na kazi imekatika. Wimbo ukiisha naupeleka kamati ya liturujia, ukipita nauweka PDF na kuurusha kwenye magrupu ya walimu wa kwaya, autumie anayetaka. Sijawahi kumdai mtu shilingi. Nalisema hili mapema maana nawajua: nusu yenu mtakuja na "kumbe unatafuta hela".

Sasa kisa. Mwaka juzi nilitunga wimbo wa matoleo kwa ajili ya kigango kimoja (kanisa dogo la kijijini lililo chini ya parokia) cha njia ya Sikonge, waimbe misa ya mavuno. Waliowahi kufundisha vigangoni wanaijua hali. Akina mama ni wengi, sauti ya kwanza na ya pili zimejaa, sauti ya tatu, yaani tena, ni wawili, besi mmoja, na huyo mmoja msimu wa tumbaku humwoni mazoezini. Ukiwatungia watu hao kama unawatungia kwaya ya kanisa kuu umewatesa bure. Hata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwenye hati ya liturujia ya mwaka 1963, namba 121, unawaambia watunzi wasiishie kwenye nyimbo za kwaya kubwa, wazifikirie na kwaya ndogo, na taifa zima la Mungu lishiriki kuimba. Basi nikafanya hivyo. Besi nikamfungia kwenye do, fa na sol ya chini, atembee humo humo, na siku asipokuja wimbo usianguke. Wale wa tena nikawaweka karibu na alto ili wasipotee. Utamu wote nikaupeleka sauti ya pili, kwa sababu kigango kile kina mama mmoja wa alto ambaye akifungua kinywa watoto wananyamaza wenyewe.

Maneno nayo niliyatafuta kwa watu wenyewe. Pale hawapeleki bahasha tu altareni. Wanapeleka mahindi, karanga, mihogo, na asali, Tabora bila asali ni Tabora gani? Kwa hiyo ubeti wa pili unataja karanga na asali ya msituni. Kiitikio kinaanza na neno "Pokea". Hapo nilikaa sana. Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, tunasema po-KE-a, basi ile "ke" lazima iangukie pigo zito la kwanza la bari (kile kipande cha nota kati ya mistari miwili ya wima), na "po" itangulie nje ya bari kama mtu anayevuta pumzi. Ukikosea hapo watu wataimba, ndiyo, lakini watakuwa wanatamka neno la watalii.

Wimbo ukaimbwa, watu wakaupenda, nikaurusha kwenye magrupu nikaendelea na maisha yangu.

Juzi juzi natumiwa kiungo cha YouTube. Kwaya moja ya mjini hapa, sare mpya, droni inapita juu ya miembe, mpiga kinanda kafungulia mdundo wa rumba humo humo kwenye kinanda. Naangalia, wimbo wangu. Nashuka kwenye maelezo: mtunzi ni kwaya yenyewe. Jina la kwaya, kisha namba ya simu ya kutumia sadaka. Mimi sipo popote.

Nikasema labda walipewa nota zisizo na jina. Nikazitafuta hizo nota zinazozunguka mjini, nikazipata stationeri moja ambapo kwaya zote hupiga kopi zao. Wakuu, MuseScore inaweka kichwa cha wimbo katikati na jina la mtunzi kulia, chini kidogo ya kichwa. Kwenye kopi zile kichwa kipo, kimeachwa vizuri kabisa, na pale kulia pana doa jeupe la mstatili. Doa halijiweki. Kuna mtu alikaa, akafunika jina langu, akapiga kopi.

Halafu yuko mwingine, au ni huyo huyo, akaichapa upya kwa solfa kwenye Word ili wasiojua nota za mistari waisome. Hilo jambo jema, mimi mwenyewe nimekulia kwenye solfa. Lakini kachapa bila kujua anachochapa. Kwenye solfa sauti ya chini unaiandika kwa alama ndogo kama mkato chini ya herufi. Yeye mikato yote kaiona uchafu, kaifuta. Matokeo yake sol ya chini ya besi imekuwa sol ya juu, besi imepanda oktavu nzima, imemruka mtu wa tena na kwenda kukaa kichwani kwake. Kwenye sauti ya pili kulikuwa na fa moja niliyoipandisha nusu toni kabla ya kuingia sol, ndiyo nukta tamu kuliko zote kwenye wimbo, ndiyo niliyomtungia yule mama. Kairudisha fa ya kawaida. Na "Pokea" kaisogeza, "po" ndiyo iko kwenye pigo la kwanza, na "a" ya mwisho kaivuta mapigo mawili. Sikilizeni video, wanaimba POkeaaa.

Na asali? Hakuna. Ubeti wa pili sasa unasema "fedha na mali zetu". Karanga za watu zimeondoka, imebaki fedha. Nadhani mnaelewa kwa nini.

Bado ningekaa kimya, wallahi. Kilichonitoa povu ni tamasha la kwaya la juzi. Kile kigango kilishuka mjini, wamejichanga nauli, wamepanda lori, wakaimba wimbo wao wa matoleo kama nilivyowafundisha. Majaji wakawakata alama. Sababu iliyosomwa mbele ya watu ni kwamba sauti ya pili wamekosea ile fa, na kwamba wamebadili maneno ya wimbo wa kwaya nyingine bila idhini. Mama wa watu akaambiwa kwenye kipaza sauti akajifunze tena. Ni sawa na kumwazima mtu baiskeli, akaipaka rangi nyingine, kesho yake anakukamatisha polisi kwamba umeiba yake.

Nikaenda kumwona mwenyekiti wa ile kwaya. Kwa heshima, nilitanguliza hata shikamoo maana ni mtu mzima. Nikamwonyesha faili la asili kwenye laptop, tarehe ipo, barua ya kamati ya liturujia ipo. Akaniangalia kwa huruma ya kichungaji akaniambia, "Mwalimu, wimbo ni wa Mungu. Usijikweze. Utukufu wote tumrudishie yeye."

Wakuu, hii sentensi niisikie tena nitavunja kitu. Kama wimbo ni wa Mungu, kwa nini kwenye video mmeandika jina la kwaya? Mungeandika "Mtunzi: Mungu" na namba ya simu mkamwachia yeye. Mmerudisha utukufu wangu kwa Mungu, wa kwenu mkabaki nao. Na vitabu vya dini vilivyochapwa na TMP, wachapaji wa Kanisa, hapa hapa Tabora, mbona tunavinunua vikiwa na majina ya waandishi? Padre akiandika kitabu cha sala jina linakaa kwenye jalada na hakuna anayemwambia kajikweza. Mwashi aliyejenga kanisa alilipwa, fundi aliyeshona hizo sare alilipwa. Mimi sijaomba kulipwa, nimeomba mstari mmoja wa maandishi madogo upande wa kulia, nao umekuwa dhambi ya kiburi.

Kuna mwingine kwenye grupu akaja na ya kwake: "Hukusajili, kwa hiyo huna haki." Uongo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi tangu inapotungwa, usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, unakusaidia kwenye ushahidi lakini haki haianzii pale. Sheria hiyo hiyo inampa mtunzi haki ya kutajwa kuwa ndiye mwenye kazi, na haki ya kupinga kazi yake isikatwekatwe kiasi cha kumvunjia heshima. Ulinzi unadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Haisemi popote kwamba mtunzi wa kujifurahisha, anayeuza balbu na swichi mchana, haki zake ni nusu.

Na mnaosema vijiwimbo vya kwaya si kitu cha kugombania, kumbukeni kila asubuhi watoto wetu shuleni wanaimba wimbo wa taifa, sauti iliyotungwa na mwalimu wa shule mmoja wa Afrika Kusini, Enoch Sontonga, mwaka 1897. Alikuwa mtu wa kwaya tu kama sisi, nyimbo zake aliziandika kwa solfa kwenye daftari. Alifariki 1905 na kaburi lake likasahaulika kabisa, likatafutwa miaka mingi baadaye, likatangazwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1996. Jina lake tunalo leo kwa sababu kuna waliohangaika lisipotee. Sijilinganishi naye, msianze. Nasema mtu wa kwaya anatunga, na aliyetunga ana jina.

Ninachotaka ni hiki. Maelezo ya video yarekebishwe leo, yaandikwe jina langu, hata kama video yenyewe wataiacha na rumba yao. Zile kopi zenye doa jeupe stationeri wazitoe. Na waliosimamia tamasha wakiandikie kigango barua kwamba wale akina mama waliimba sawasawa. Hiyo ya tatu ndiyo ya kwanza kwangu. Alama sizihitaji, kombe lishachukuliwa likae huko huko, lakini mama yule aambiwe mbele ya watu, kama alivyokosolewa mbele ya watu. Wiki ijayo nampelekea paroko nakala ya kila kitu, nikizungushwa nakwenda COSOTA.

Watunzi wenzangu wa vigangoni, jina lenu msiliweke juu tu. Liwekeni na chini ya kila ukurasa, na ikiwezekana katikati ya mistari ya nota pale wimbo unapogeuka, wakilifuta wafute na nota. Tumeni PDF pamoja na sauti ya MIDI siku ile ile kwenye grupu lenye watu wengi, ili tarehe ibaki kwenye simu za watu.

NYONGEZA: Naona mmeanza.

Mkuu unayesema nimwachie Mungu, nimeshajibu huko juu, soma uzi.

Dada uliyeuliza kama mimi ni mtu wa ile kwaya nyingine iliyoshika nafasi ya pili, hapana, siko kwaya yoyote ya mjini.

Uliyesema ile fa "inasikika vibaya hata hivyo", umeisikia wapi? Kwenye video haipo. Nikuombee namba nikutumie rekodi ya simu ya kigango, ina kelele za kuku lakini fa ipo.

Kijana wa Kigoma uliyesema kwenu Kasulu imewatokea hivyo hivyo kwa zaburi ya kaka yako, fungua uzi wako na weka picha za nota zote mbili, ya asili na ya kwao, bega kwa bega. Maneno matupu watakuambia una wivu.

Na mkuu uliyeuliza do iko wapi, yaani wimbo unaanzia ufunguo gani, swali zuri kuliko yote humu. Asili do ni F. Wao wameipeleka A, hatua mbili nzima juu, ili kinanda kikae pazuri kwa mpigaji wao. Kwa hiyo do ya juu ya kiitikio, ambayo mama yeyote wa kigangoni anaifikia bila kushika kiuno, kwao soprano wanaipigia yowe. Rudisheni F, na mikato ya besi muirudishe, mtashangaa wimbo unavyotulia. PDF ya asili ninayo, anayeihitaji aandike hapa chini nimtumie, bure kama siku zote.