Kloni akija na kumbukumbu zako, wewe ni nani?

Kijana wa Uyole: Wakuu jana nimecheki muvi kibanda umiza hapa Mwanjelwa, jamaa anarudi home anakuta kloni wake, yaani nakala yake iliyotengenezwa kwa DNA yake, yuko mezani na mkewe, umri uleule, mpaka kovu la goti analo, hii inawezekana kweli?

Mama Tunduma: Chai hiyo 😂 Dolly yule kondoo kloni wa Uskoti 1996 alibebwa mimba akazaliwa kichanga kama wenzake, kwa hiyo kloni wako angeanza na nepi, na kovu haliko kwenye DNA.

Ticha Rungwe: Mapacha wa kufanana nao DNA yao karibu ni ileile ila alama za vidole tofauti. Mwite Kulwa Doto uone atakavyonuna.

Kijana wa Uyole: Sawa ticha, ila wakikopi na kumbukumbu? Mke wa nani?

Mama Tunduma: Wa aliyetoa mahari.