IST inachemsha ikipanda Mombo–Lushoto tu, Tanga mjini haina shida

Raskazone_IST aliuliza:

Wakuu, salaam. Nina Toyota IST ya injini 1NZ-FE, giaboksi otomatiki. Tanga mjini haijawahi kuchemsha, hata kwenye jua la saa nane na AC imewashwa. Muheza, Segera, Korogwe, mwendo wa 80 mpaka 100, safi kabisa. Tatizo ni Mombo. Nikianza kupanda kwenda Lushoto nikiwa na watu wanne na mizigo, kabla ya kufika Soni taa nyekundu ya joto inawaka.

Nikisimama ikapoa, rejeta inapokea karibu lita moja, na wakati huohuo tenki la akiba limejaa hadi linamwaga. Gari ikilala hakuna tone chini. Oili haijawa kama chai ya maziwa, moshi mweupe sijaona. Ndani nina maji ya kisima, kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) sijaweka muda mrefu.

Fundi mmoja anataka atoe themostati (kivalvu kinachofungulia maji kwenda rejeta injini ikipata moto) "maji yapite bure". Mwingine anasema gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya hedi na block ya injini) imekwenda. Nianzie wapi kabla sijatoa hela?

Spana14:

Themostati usitoe. Dawa hiyo imezoeleka gereji nyingi kwa kuwa gari hukawia kuchemsha siku mbili tatu, na fundi anakuwa ameshalipwa.

Ukiitoa, kwenye safari fupi za mjini injini haifiki joto lake. Kompyuta inaendelea kumwaga petroli kana kwamba ni asubuhi, na oili inachafuka mapema. Tena zipo themostati zenye sahani ya pili chini ya springi, ambayo kazi yake ni kuziba njia fupi ya maji pale themostati inapofunguka. Ukiitoa ya namna hiyo, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Mlimani ndiyo unazidisha.

Kama mna wasiwasi nayo, ipimeni. Kwenye 1NZ iko upande wa mpira wa chini, usiichanganye na injini ambazo iko juu. Itundike kwa uzi kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini. Ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na ikifika 95 iwe imefunguka milimita 8.5 au zaidi. Pungufu ya hapo, nunua mpya. Wakati wa kuirudisha, kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kikae juu, maana ndicho kinachopitisha hewa.

FundiPongwe:

Mkuu, maelezo yako yana majibu nusu. Gari inayochemsha kwenye foleni na kupoa ikikimbia, tafuta feni: fyuzi, rilei, mota, waya. Yako haiko hivyo. Inayochemsha kwenye mwendo mkubwa mara nyingi ni maji kutozunguka vizuri: rejeta imeziba, mpira wa chini unanywea, pampu imechoka. Yako inachemsha kwenye mzigo mkubwa na mwendo mdogo, halafu tenki la akiba linajaa wakati rejeta inapungua. Maji yanasukumwa nje na hayarudi. Hapo washukiwa wangu wawili wa kwanza ni mfuniko wa rejeta, au gesi ya silinda inayoingia kwenye maji.

Anza na mfuniko kwa sababu ni kitu cha bei ndogo na watu wanaudharau. Maji ya wazi hapo pwani yanachemka kwa nyuzi 100. Mfuniko mzima wenye namba 1.1 (kiasi cha presha unayoshikilia) unayabana mpaka yanahitaji karibu nyuzi 120. Sasa toka Mombo hadi Lushoto unapanda karibu mita 1,000, na Lushoto maji ya wazi yanachemka kwa nyuzi 95 hivi. Injini yako kawaida inafanya kazi kati ya 85 na 95. Kwa hiyo mfuniko ukiwa umekufa, Tanga gari itavumilia bila wewe kujua, lakini huko juu joto la kawaida tu linatosha kuchemsha maji ndani ya silinda hedi. Mvuke haubebi joto kama maji. Unasukuma maji kwenye tenki, yaliyobaki hayatoshi, na ndipo taa nyekundu inawaka. IST haina mshale wa joto, ina taa tu, kwa hiyo ukiiona ujue mambo yameanza kitambo.

Ufungue injini ikiwa baridi kabisa. Angalia raba ya chini: ikiwa ngumu, imepasuka au ina alama ya kukatika, tupa. Vuta kile kivalvu kidogo cha katikati kwa kucha, kifunguke na kijirudishe chenyewe. Hicho ndicho kinachorudisha maji kutoka tenki injini inapopoa. Kikikwama, utakuta mpira wa juu umenywea asubuhi. Pangusa na mdomo wa rejeta, ukiwa na kutu au mbonyeo hata mfuniko mpya hautabana. Nunua wenye namba ileile ya asili. Usiweke namba kubwa kwa kudhani ni nguvu zaidi, utapasua plastiki ya rejeta.

MtuWaMuheza:

Nakubaliana na FundiPongwe isipokuwa mpangilio. Mimi gesi ningepima siku hiyohiyo ya mfuniko, maana dalili ya tenki kujaa ni moja kwa magonjwa yote mawili, na kila unapopanda mlima ukiwa na gasketi inayovuja unapinda hedi. Block ya 1NZ ni ya aluminiamu. Ikichemka sana hata nyuzi za bolti za hedi zinalegea, na hapo gasketi mpya haishiki.

Kipimo cha bure: asubuhi injini ikiwa baridi, toa mfuniko, jaza maji mpaka mdomoni, washa. Mapovu machache mwanzoni ni hewa ya kawaida. Yakiendelea mfululizo, na yakizidi unapokanyaga mafuta, ni gesi. Halafu funga mfuniko, izime ipoe, washa tena na ubonyeze mpira wa juu. Ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata moto, hiyo presha imetoka kwenye silinda.

Gasketi inayoanza kufa inaweza kuvuja kwenye mzigo tu, kwa hiyo kama kipimo hicho ni safi bado tafuta fundi mwenye kile kichupa cha dawa ya buluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta. Kwa injini ya petroli ikigeuka njano, gesi ipo. Fanya kipimo baada ya injini kupata moto vizuri, na punguza maji kidogo yasivutwe kwenye dawa.

Ikithibitika, msibadilishe gasketi bila kupima hedi. Ruli iliyonyooka na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi): ikizidi milimita 0.05, iende kunyooshwa. Bolti zinakazwa kuanzia katikati kwenda nje, Nm 29 kwanza kwa spana ya kipimo, kisha zungusha nyuzi 90 (robo mzunguko), kisha 90 nyingine. Fundi anayekaza kwa kusikilizia mkono, mshukuru uondoke.

Chumbageni77:

Hakuna aliyegusa chumvi. Gari ya Tanga, hasa inayolala karibu na bahari, rejeta yake inaweza isivuje tone na bado imekufa. Vile vibati vyembamba katikati ya mirija vinaliwa na upepo wa bahari. Vipapase kwa kidole taratibu: vikivunjika kama jivu, au vimeachana na mirija, joto halina pa kutokea. Mjini mzigo ni mdogo, huoni. Mlimani unaona.

Angalia pia nafasi kati ya kondensa ya AC na rejeta. Matope na majani hujificha hapo. Osha kwa maji ya bomba kutoka upande wa injini kwenda mbele. Ile mashine ya presha ya kuoshea magari inalaza vibati vyote.

Na hayo maji ya kisima, toa. Visima vya huku vingi vina chumvi, na aluminiamu haipendi. Suuza mpaka yatoke meupe, kisha weka kulanti. Ya pinki ya Toyota inauzwa ikiwa imeshachanganywa, usiongeze maji. Ile nzito changanya nusu kwa nusu na maji ya betri (maji, siyo asidi!). Usiweke nzito tupu, inabeba joto kidogo kuliko mchanganyiko.

Raskazone_IST:

Ahsanteni sana. Mrejesho: raba ya mfuniko imepasuka na kile kivalvu hakirudi. Mapovu hakuna, mpira wa juu ulibaki laini, na dawa ya buluu imebaki buluu. Themostati tumeipima kwenye sufuria, imefunguka. Ila vibati vya rejeta nusu ya chini vinapukutika mkononi. Nibadilishe mfuniko kwanza nione?

FundiPongwe:

Badilisha vyote viwili. Mfuniko peke yake utaweza kuficha rejeta mbovu mpaka siku ukipakia zaidi. Hedi isiguswe.

Rejeta ya otomatiki ina mabomba mawili ya oili ya gia yanayoingia tangi la chini. Hakikisha mpya inayo, zibeni midomo wakati wa kufungua, na mkimaliza pimeni oili ya gia injini ikiwa inaunguruma na imepata moto, kwenye alama ya HOT. Aina ya oili mara nyingi imeandikwa kwenye kijiti chenyewe.

Kujaza ndiko wengi wanakosea. Mfumo wako unachukua karibu lita 5. Ukiweka tatu na nusu ukaona pamejaa, zilizobaki ni eya. Egesha mlimani pua ikiwa juu, hita weka mwisho wa moto, mimina polepole huku unaminya mpira wa juu. Washa, mfuniko ukiwa wazi, endelea kuongeza mpaka hita itoe hewa ya moto. Kisha funga, subiri feni iwake na kuzima mara mbili. Zima, iache ipoe kabisa, ongeza tena kwenye rejeta, halafu tenki mpaka alama ya FULL.

Spana14:

Kwenye kona za Soni usiiache kwenye D ikihangaika kubadili gia. Weka 2. Injini ikizunguka zaidi na pampu inazunguka zaidi, na giaboksi haitoi joto jingi, maana joto lake linaishia kwenye rejeta hiyohiyo. Taa ikiwaka tena, zima AC, fungua hita mwisho, tafuta pa kusimama. Kama hakuna mvuke, iache iungurume na feni ifanye kazi. Kama mvuke unatoka, zima mara moja, mfuniko usiguse angalau nusu saa, na usimwagie injini maji ya baridi.