Kamera za akili bandia kwenye maegesho ya ndege Mtwara: tuanzie wapi?

Shangani_MTW
Habari wakuu. Hapa uwanja wa Mtwara safari ni chache, ndege ya propela Q400 na siku nyingine jeti A220. Kuna wazo la kufunga kamera zenye akili bandia zitambue zenyewe kwamba ndege imesimama, ngazi imefika, mizigo inashushwa, boza la mafuta limeunganishwa, ili tujue dakika zinapotelea wapi. Schiphol kule Uholanzi wana mfumo wa aina hii, Deep Turnaround. Kwa uwanja mdogo una faida? Na tuanze na vifaa gani?

Boza_na_Tela
Faida ipo, ila kabla ya kununua hata kamera moja, chukueni kumbukumbu za ucheleweshaji na mtenganishe uliozaliwa Mtwara na ule ulioingia na ndege kutoka Dar. Namba za sababu za ucheleweshaji za IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, zinasaidia: 93 ni ndege kuchelewa safari iliyotangulia, 32 ni kupakia na kupakua, 36 ni mafuta. Kama nyingi ni 93, kamera haitawaokolea kitu. Hapo mnahitaji makadirio mazuri ya saa ya kutua, ili wapakiaji, ngazi na boza viwe vimeshajipanga. Programu ndogo inayopewa saa halisi ya kuondoka Dar, aina ya ndege na hali ya hewa inatosha, na inaendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida.

Halafu saa. Mambo ya anga yanaandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa, kamera inaandika saa za Afrika Mashariki, mpakiaji anaandika "saa nane". 11:00 UTC ni 14:00 ya kamera, ndiyo hiyo saa nane mchana. Zikichanganywa bila kusawazishwa, modeli, yaani programu ya akili bandia, inajifunza ucheleweshaji wa saa tatu ambao haukutokea. Vifaa vyote vifuate seva moja ya saa.

Lenzi_Kusini
Nakubaliana na Boza. Mkifika kwenye kamera, pigeni hesabu ya pikseli, zile nukta zinazounda picha, kwanza. Lenzi ya nyuzi 90 ikiwa mita 40 kutoka kwenye ndege inaona upana wa mita 80. Kwa picha ya pikseli 1920, kila mita inapata 24. Choki, vile vizuizi vya magurudumu, ina kimo cha kama sentimita 20, kwa hiyo inabaki na pikseli 5 hivi, na modeli haitaiona kwa uhakika. Ukiweka lenzi ya nyuzi 45 choki inapata pikseli kama 12, lakini upana unashuka hadi mita 33, na Q400 peke yake ina urefu wa karibu 33. Saa ya kuweka choki iandikwe na mtu kwa kubonyeza simu.

Kamera moja haitoshi. Abiria wa Q400 wanashukia kushoto, ila mafuta yanajazwa upande wa kulia, nyuma ya injini. Kamera ya kushoto italiona boza likija, isijue mpira umeunganishwa saa ngapi.

Kwenye mafunzo ya modeli, wengi wanakosea kugawa picha za kuifundisha na za kuijaribu kwa bahati nasibu. Picha mbili zilizopishana sekunde tano ni karibu picha moja. Moja ikienda kwenye mafunzo na nyingine kwenye majaribio, mtapata alama za juu za uongo. Gaweni kwa siku nzima, na siku za mvua za Novemba hadi Aprili ziwemo pande zote mbili.

Shangani_MTW
Asanteni sana. Vipi umeme ukikatika, na sura za abiria?

Boza_na_Tela
Wekeni UPS, yaani betri ya akiba, na uchambuzi ufanyike hapo hapo uwanjani. Kinachotumwa kwenye mtandao kiwe saa na jina la tukio tu. Sura zifichwe kabla picha haijahifadhiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu, kwa hiyo wasilianeni na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mapema, kabla nguzo hazijasimikwa.

Lenzi_Kusini
Na jambo moja nalisisitiza: mfumo usitumike kamwe kumruhusu mtu kuisogelea Q400. Propela inayozunguka kasi karibu haionekani kwenye picha, na modeli inaweza kusema imesimama. Ruhusa itoke kwa anayeongoza ndege, propela zikiwa zimesimama na taa nyekundu ya tahadhari imezimwa. Kamera inaandika saa tu.