Dengu zinanyauka majani yakiwa bado kijani

Miche yangu ya dengu ina wiki 4, inalegea ilhali udongo una unyevu. Ni mnyauko wa fuzari (ugonjwa wa kuvu) au kuoza mizizi?

— Ng'oa mche uliolegea, upasue shina kwa urefu kuanzia shingo ya mzizi. Ukikuta mstari wa kahawia iliyokoza katikati, na mizizi kwa nje haijaoza, ni fuzari. Hustawi kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30.

— Kunyunyizia majani dawa hakusaidii, kuvu imo ndani ya mishipa ya maji. Msimu ujao tafuta mbegu kinzani dhidi ya fuzari, kila kilo uipake dawa za kuvu: thiramu gramu 2 na kabendazimu gramu 1. Vaa glavu!

— Tena usihifadhi mbegu za shamba hilo. Kuvu hukaa udongoni zaidi ya miaka 6.