Whole30 siku ya 21: nianze upya, nimalize, ama niwache tu?

mama_wa_tudor
Asalam aleikum wapenzi. Nko siku ya 21 ya Whole30, ile diet ya siku 30 hakuna sukari hakuna nafaka hakuna maharagwe wala mbaazi hakuna maziwa. Nlianza kwa sababu tumbo lilikuwa lanijaa kila jioni kama ngoma na kweli wiki ya pili lilishuka, hilo silikatai. Lakini wiki hii nimekuwa mtu mbaya. Watoto wakiniita mara mbili nawajibu kama wanaonidai, usiku naota vitumbua, alafu jana napika sosi ya ukwaju ya bajia zao nkaionja kwa mazoea tu, mkono ushafika mdomoni ndio nakumbuka nshatia sukari. Sheria yao ukiteleza hata tone warudi siku ya kwanza. Siku ya kwanza jamani!! Na Jumamosi ya wiki ijayo tuna harusi Kibokoni, mimi ndiye shangazi wa bibi harusi, hebu fikirieni shangazi amekaa na sahani ya kachumbari.

Naona njia tatu. Nianze upya, nijifanye sikuonja nimalize hizo tisa, ama nisimame leo. Roho yataka kusimama lakini nkifikiria hivo najiona mzembe, nlijigamba kwa kila mtu. Mwasemaje?

nahodha_likoni
Kula biriani dadangu.

bin_bondeni
Mimi ntasema kinyume, usinichukie. Maliza. Ile sheria ya kuanza upya yaudhi lakini ndiyo ilonikata chai ya maziwa, nlikuwa nanywa vikombe sita kwa siku, na kila nkitamani nasema kikombe hiki kitanirudisha mwanzo nawacha. Na sisi watu wa pwani tuna bahati na hii kitu, tui la nazi laruhusiwa, samli yaruhusiwa, viazi na mihogo sawa, samaki wa kupaka unakula mpaka ushibe, kahawa tungu haina sukari toka zamani. Wazungu wahangaika kutafuta cha kula sisi tushakipika. Siku tisa ni nini.

kashata_mbili
@bin_bondeni wewe wapika mwenyewe wala mwenyewe, huna mtoto wa kumuonjea sosi. Tuanzie hapo.

Mama Tudor mimi hii diet nshaifanya mara mbili, moja nlimaliza moja niliwacha siku ya 17, na iliyonifaa ni ile nilowacha. Ngoja nieleze. Mara ya kwanza nlihesabu siku kama mfungwa, siku ya 31 asubuhi mahamri, mchana pilau, jioni mkate wa sinia na chai ya maziwa, usiku tumbo likanikoroga mpaka alfajiri na sikujua ni ngano, ni maziwa ama ni ulafi wangu. Siku 30 zote zilienda na maji. Mara ya pili tukapata msiba Lamu, nkawa siwezi kumwambia mwenye msiba naomba yai la kuchemsha, nkasimama. Lakini nlirudisha chakula kimoja kimoja vile wenyewe wanavyoelekeza, na hii ndio sehemu watu wengi huiruka: siku ya kwanza unaongeza jamii ya mbaazi na maharagwe peke yake, siku mbili warudi kwenye diet unasikiliza mwili, siku ya nne nafaka zisizo ngano yaani wali na sima, siku ya saba maziwa, siku ya kumi ngano. Hapo ndio nkajua maziwa yananichafua, wali haunifanyi kitu.

Sasa piga hesabu nami. Leo Jumanne. Ukisimama leo ukaanza kurudisha kesho, wali wakuangukia Jumamosi hii, maziwa Jumanne, ngano Ijumaa ijayo, Jumamosi uko harusini unajua nini cha kukaa nacho mbali. Ukimaliza 30 waishia Alhamisi ya wiki ijayo, siku mbili baadaye biriani na kila kitu kwa pamoja, hujajua lolote, utakuwa mimi wa mara ya kwanza. Ukianza upya kesho, siku ya harusi ni siku yako ya 11, hiyo hata usiifikirie.

Kwa hivo kusimama leo si kuwacha, ni kutoka mlangoni badala ya dirishani. Tatizo moja tu: mbaazi ni siku ya kwanza, mahamri ni siku ya kumi 😭

ukhty_kisauni
Mi nauliza tu, hii hatia yatoka wapi? Funga yenyewe ya faradhi mgonjwa na msafiri wana ruhusa wafungue walipe siku nyengine, hakuna anayewaita wazembe. Sembuse diet imetungwa Marekani 2009. Onjo la sosi unalilia kama umekula mchana wa Ramadhani, haki ya Mungu.

bin_bondeni
Hahaa ukhty umenimaliza. Sawa, hesabu ya kashata nimeiona, ile ya Alhamisi na Jumamosi sikuifikiria. Lakini bado nasema kwa mtu ambaye hana harusi amalize.

sista_wa_zamu
Naongeza kidogo kisha nrudi wodini. Kama kuna anayesoma hapa na yuko kwa insulini ama baadhi ya vidonge vya ugonjwa wa sukari, kukata wanga ghafla kwaweza kushusha sukari ya damu kupita kiasi, hilo waongea na daktari wako kabla ya kuanza. La pili, kuna watu diet kali huwaamshia maradhi ya zamani ya kuogopa chakula, mimi mmoja wao, nlikuwa nikiwaza sahani kutwa nzima na kujificha nisile na watu. Ukijiona wafika huko usingoje hesabu ya nani wala nani, simama siku hiyo hiyo na utafute mtu wa kuongea naye. Mama Tudor hasira za njaa ni kitu chengine, wewe wapigania vitumbua tu.

mama_wa_tudor
Wallahi nimecheka na vitumbua. Basi nimesimama. Nimemwambia mume wangu akasema alhamdulillahi kabla sijamaliza sentensi, yaani alikuwa anangoja.

mama_wa_tudor
Jumatano usiku naripoti. Asubuhi nlikula mbaazi za nazi kwa kijiko, kwa KIJIKO, na mtu amekaa mbele yangu yuwachovya hamri polepole makusudi. Saa kumi jioni tumbo likaanza, sasa hivi ni ngoma ile ile ya zamani. Miaka yote nimelaumu ngano.

nahodha_likoni
Mbaazi??? Astaghfirullah.

kashata_mbili
Pole. Lakini usizihukumu kwa bakuli moja, maliza kwanza mzunguko wako, wali Jumamosi. Ukizirudia tena zirowekwe usiku kucha, yale maji umwage usiyapikie, na bakuli liwe dogo. Wewe uliroweka?

mama_wa_tudor
Sikuroweka 🙈